Kifua cha Mkuu wa Stoo

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi cherehani kwenye stoo ya sare za polisi, Croydon, kusini mwa London. Kazi yangu ilikuwa kupunguza suruali, kubadilisha zipu na kusikiliza uongo. Hakuna waongo mbele ya tepu ya kupimia kama polisi. Mwanamume ambaye kitambi chake kinatangulia mlangoni atakuapia kwamba kiuno chake ni kilekile cha siku aliyoajiriwa. Mimi nilikuwa naandika anachosema, kisha nashona ninachokiona. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Mwaka mmoja ukaja mtihani wa vizibao. Polisi wa mitaani walikuwa wameanza kuvaa vizibao vizito vya kuzuia visu, vya kufunga ubavuni kwa velkro, ule utepe wa kunatana, na stoo yetu ilitakiwa kuchagua aina moja ya kuagizia watu wote. Sampuli zilikuwa mbili. Moja ilikuwa bapa kama sinia. Nyingine ilikatwa kwa ajili ya wanawake, ina nafasi ya kifua na ni fupi kiunoni. Mkuu wa stoo, Mwingereza mpole mwenye sauti ya kwaya, alikipenda kile kizibao bapa. Alikuwa amekijaribu yeye mwenyewe, akamjaribisha msaidizi wake, halafu akakivika sanamu la dirishani lisilo na kifua wala tumbo. Wote watatu, alisema, kiliwakaa vizuri. Ijumaa asubuhi angepiga simu makao makuu kuthibitisha.

Asubuhi hiyohiyo akaingia nyuma ya pazia langu polisi wa kike, binti wa watu wa Tanga aliyezaliwa Lewisham. Siku zote nilimsalimia kwa Kiswahili naye akanijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alianza yeye, kwa Kiswahili cha kubabaiza na kwa sauti ya chini, nikajua kuna jambo ambalo hataki lisikike upande wa pili. Yeye na wenzake walikuwa wamepewa vizibao bapa vya aina ile wavijaribu kazini. Sasa alitaka nikikate chake ubavuni, kidogo tu.

"Anti, nikikaa kwenye gari kinapanda, kinanikaba koo," akasema. "Wenzangu wote wa kike tunaviacha kwenye buti la gari."

Nikamuuliza kama mama yake anajua. Akatazama viatu vyake. Nilishikwa na hasira, lakini si juu yake. Kukikata kizibao kile ni kumfungulia mlango mwenye kisu, na kukiacha kwenye buti ni kumvutia na kiti akae.

Nikatoka nje ya pazia. Mkuu alikuwa tayari ameweka mkono kwenye simu. Nikamwambia kwa Kiingereza, na kwa adabu zote za kwetu, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali ile ilimtisha kidogo. Alidhani nimeona kunguni kwenye makoti. Nilipomtuliza, nikamwomba avae kizibao bapa kwa mara ya mwisho, ila kwanza aniruhusu nimwongezee mwili. Alikuwa mtu wa kupenda mzaha, akakubali.

Nikachukua soksi mpya za polisi, zile nzito za sufu, nikaviringisha jozi nne kila upande na kuzifunga kifuani mwake kwa kitambaa cha bitana. Msaidizi alicheka hadi akaegemea rafu ya kofia. Mkuu mwenyewe alijitazama kwenye kioo, akageuka upande huu, akageuka upande ule, na nikaona kabisa kwamba anaanza kujipenda.

Nikamvika kizibao, nikavuta velkro kwa nguvu za mtu aliyekulia kwenye kukamua tui. Nikamwambia aketi kama yuko kwenye gari. Kizibao kikapanda mpaka kidevuni. Nikamwambia afunge kamba za viatu, hakuzifikia. Na chini, pale kizibao kilipopandia, shati likabaki wazi kiganja kizima, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Nikachora alama hapo kwa chaki yangu.

"Kisu kitapita hapa," nikamwambia.

Msaidizi akaacha kucheka. Mkuu akaomba nimvue. Nikaigusa velkro kwa vidole viwili, nikasema imekwama, labda apige simu yake kwanza. Haikuwa imekwama. Mungu anisamehe, na kama ana maswali nitamweleza. Akapiga simu akiwa vilevile, kidevu juu, sauti nyembamba, akawaambia makao makuu kwamba aina moja haitoshi, wanawake waagiziwe vya kwao. Walipomuuliza sababu, akajibu kwamba amefanya majaribio ya kina.

Baada ya hapo velkro ilifunguka bila tabu.

Binti alikuwa amesimama kando ya pazia muda wote. Nikamvika sampuli ya kike, nikamkalisha kwenye kiti changu. Akainama, akafungua kamba za kiatu, akazifunga tena polepole. Kisha akainuka na kuelekea kazini, nayo mwilini. Sampuli ile ya kike ilikuwa moja tu na haikuruhusiwa kutoka stoo hata kwa dakika moja, na aliyeandika sheria hiyo alikuwa mkuu mwenyewe. Alimwona akipita mlangoni. Akageuka, bado ana soksi kifuani, akajifanya anahesabu kofia.