Fidla Iliyonyamaza Mlandege

Jumapili nililetewa habari kwamba mpiga fidla wetu amefariki. Mnaonisoma kila wiki mnajua mimi si mwepesi wa kusifu watu, hasa marehemu, maana mtu akishazikwa hakosi kuwa mwema. Huyu nilimstaajabia akiwa hai. Tulikua wote Mlandege, Iringa, miaka ya hamsini, yeye mtoto wa mfanyabiashara mwenye asili ya pwani. Bibi mmoja mmisionari alimfundisha kwanza filimbi ya mbao ya Kizungu, kisha akamwazima fidla. Asubuhi za baridi aliibana ile filimbi kwapani ipate joto, kwani ikiwa baridi pumzi hugeuka maji ndani yake na sauti hukwama. Sisi tulimcheka, tukasema ana jipu.

Ikatangazwa kwamba kijana mmoja atapelekwa Ulaya kusomea muziki, na usaili utafanyika Mbeya. Yeye akaanza kujiandaa usiku na mchana. Mara baba yake akafariki. Mama akakaa eda, na nyumba yenye eda haipigwi muziki. Nilimwonea huruma nikamwambia, "We naye, nenda kapigie kule Gangilonga kwenye miamba. Nani atakusikia?" Akanijibu, "Si nitajisikia mwenyewe?" Basi akawa anakaa uani, vidole vikikimbia juu ya nyuzi, mkono wa kulia ukivuta upinde hewani, na sauti hakuna. Siku moja mama yake akamuuliza, "Mwanangu, unafanya nini hapo?"

"Napiga, mama."

"Mbona sisikii?"

"Nakungoja wewe."

Yule mama akajifunika kanga usoni.

Eda ilikwisha usaili ukiwa umeshabisha hodi, tukapanda lori bila hata kufanya jaribio moja. Pale Igawa, njiani kwenda Mbeya, tuliposhuka kunywa chai nilimsihi apige walau kidogo. Akasema vumbi litaharibu upinde. Mbele ya wasaili wawili Wazungu, mlio wa kwanza ulikwaruza kama mlango mbovu, nami nikainamisha kichwa kwa aibu. Akatulia, akakaza uzi, akaanza upya. Mwili mzima ulinisisimka. Sijui muziki, lakini siku ile nilijua nasikia kitu kikubwa kuliko sisi sote chumbani mle. Alipomaliza, msaili mmoja akauliza ni nani aliyemfundisha miezi hii ya karibuni.

"Mama yangu."

"Naye anapiga fidla?"

"Hapana, bwana. Alikuwa edani."

Alikwenda, akapiga kwenye kumbi za Ulaya, akarudi kufundisha watoto wa Iringa na Mbeya hadi mikono ilipomkatalia. Siku hizi nasikia vijana wakisema mila zinawabana wenye vipaji. Zipo zinazobana, sibishi. Lakini mimi nilimwona mmoja aliyefungwa mdomo wa fidla yake kwa ajili ya machozi ya mama, na humo ndimo alimojifunza kuusikia muziki kabla ya kuupiga. Wengi wetu tunapiga tu.