Mjane Aliyemkamulia Ruane

Nábla Geraghty alikuwa mjane mwenye mdomo. Ukimpita bila salamu, kijiji kizima cha Cill Rua kingejua umelelewa vipi. Ndiyo maana huku kwetu Mayo watu bado wanamstaajabia: mwanamke yule aliwezaje kumnyamazia mtu kiangazi kizima?

Mtu mwenyewe ni Tadhg Ruane. Viazi vilioza, Nábla akashindwa kulipa kodi ya shamba, wakala wa mwenye ardhi akamtimua. Ruane akalikimbilia shamba lile, akahamia hadi kwenye nyumba ya Nábla, majivu ya jiko la mwenzake hayajapoa. Kijiji hakikumrushia jiwe. Kilimsusa. Mhunzi hakumpigilia farasi wake viatu, mwenye duka akawa hamwoni, na kanisani akabaki na benchi lake peke yake. Walitaka ashindwe, aliachie shamba lirudi kwa Nábla. Lakini mmoja tu akilegea, ndiyo basi, Nábla angezeekea kwenye kibanda cha dada yake, Onóra.

Kisha binti aliyekuwa akimkamulia Ruane ng'ombe wake naye akaondoka. Kwetu kukamua ni kazi ya wanawake, na Ruane hakujua hata pa kushika. Ng'ombe wakalia kutwa, viwele vimejaa hadi vinauma.

"Waache walie," alisema Onóra. "Wanatusaidia kazi."

"Ng'ombe hajamnyang'anya mtu shamba," alijibu Nábla.

"Ukienda tu, tumekwisha! Mhunzi atasema, mwenyewe kalegea, mimi nani?"

Nábla akachukua kigoda chake cha kukamulia. Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka kanisani, naye akapita katikati yao makusudi. Wakamfuata hadi kwenye ukuta wa shamba, wamenuna.

Ruane alikuja mbio na ndoo. "Mungu akubariki, dada! Nilijua una roho nzuri!"

Nábla aliisukuma ndoo kwa mguu. Akakaa, akakamua maziwa yote chini, kwenye tope.

"Pole, mama," alimwambia ng'ombe. "Pole sana. Hukumchagua wewe."

Ukutani watu waliangua kicheko. "Nábla! Hebu muulize ng'ombe, wanahama lini?"

Tangu siku hiyo alikuja asubuhi na jioni. Ruane alimfuata nyuma akibembeleza. "Nitukane basi! Nitukane tu, mama wa watu, nisikie sauti!" Na matusi Nábla alikuwa nayo, tena ya kutosha. Aliyameza. Mimi nisingeweza, namvulia kofia.

Kabla baridi haijaingia, Ruane alisalimu amri. Wakala alitafuta mpangaji mwingine, hakumpata hata mmoja, akamrudishia Nábla shamba kwa kodi ya zamani, huku amevimba kwa hasira.

Siku ya kuhama, mkokoteni wa Ruane ulitoka, farasi anachechemea, ng'ombe nyuma. Nábla alisimama langoni. Ng'ombe wa mwisho alipovuka, akasema kwa upole, "Safari njema, Tadhg."

Ruane alisimamisha farasi, akavua kofia. Machozi yakamtoka mbele ya kijiji kizima.

Nábla akaingia kwake kuwasha moto.