Mama wa mahindi kachapwa, sisi tunarekodi

Leo mama muuza mahindi kachapwa fimbo mbele yetu, na watu wakatoa simu.

Ni huku kwetu, njia ya Kidodi. Mgambo wawili walimkuta anauza mahindi ya kuchemsha kando ya barabara. Hakubisha, alishaanza kufungasha. Wakamchapa mkononi, sufuria ikamwagika.

Nikapiga kelele, "Jamani, mtamuua!"

Bodaboda mmoja akaniambia, "Dada, tulia. Hao ndo zao."

Ndo zao! Nimechoka na hilo neno.

Nikamuuliza, "Na mwenyekiti wa kijiji anayewatuma, ulimchagua wewe?"

Akacheka. "Mimi na kura wapi na wapi?"

Wenzake nao wakacheka.

Mama alikuwa kachuchumaa anaokota mahindi yake, mkono umevimba. Akainua uso.

"Mimi nilienda. Nilipanga foleni na mgongo huu unaniuma, nikampigia kura yule aliyesema fimbo hizi atazikomesha. Akashindwa kwa kura chache. Nyie wanangu mlikuwa wapi?"

Yule bodaboda akawasha pikipiki, akaondoka.

Nimempeleka mama zahanati, nimerudi, hasira bado ninazo.

Na nyie mnaosoma hapa, mlipiga kura? Msiniwekee vikatuni vya kulia. Nijibuni.