Jogoo wa Qurayyat na Kiingereza cha Mjukuu Wangu

Niliondoka Unguja kwa sababu moja: kumwona mjukuu wangu Raya, wa miaka sita, niliyekuwa nikimjua kwa simu tu. Mwanangu Zuwena ameolewa Maskati. Nyumbani kwao wanasema Kiarabu, na skuli mtoto anasoma kwa Kiingereza. Kiswahili hana. Sikujali. Nimesomesha Kiingereza mpaka nikastaafu, nikajiambia hicho kitatutosha.

Uwanja wa ndege Raya alinipa mkono kama anayempokea mgeni. Siku za mwanzo, kwao mtaa wa Hamriya, alinijibu neno mojamoja kisha akakimbilia kwa mama yake.

Ijumaa, baada ya sala, mkwe wangu Salim alitupeleka mji wa Qurayyat, kwa ami yake, ndugu wa baba yake, anayefuga kuku chini ya mitende. Njia nzima ni majabali makavu, na Raya alitazama dirishani, kanipa mgongo.

Kufika tu, jogoo mwekundu akatukatia njia. Nikaona nimepata pa kuanzia. Nikamwonesha Raya, nikamtajia: "Cock."

"Rooster," Raya akanisahihisha taratibu.

Zuwena akatazama chini. Salim, aliyesoma Uingereza, akamweleza mwanawe kwa Kiingereza kuwa sote tumesema sawa: Waingereza husema kama mimi, lakini walimu wake ni Wamarekani, na wao neno langu wanalikwepa kwa kuwa limegeuka la matusi. Hata dume la bata mzinga, Wamarekani huliita "tom" na Waingereza "stag". Jike la kuku ndilo waliloafikiana, wote "hen".

Kumbe hata Kiingereza changu na chake ni mbalimbali.

Raya aliniangalia, kisha akaniuliza sisi kwetu tunamwitaje.

"Jogoo," nikamwambia. "Yule jike, mtetea. Na yule kijana anayejifunza kuwika, pora."

"Pora," akarudia, akacheka, akanishika kidole. Tukazunguka banda zima, yeye akiuliza, mimi nikitaja, mpaka tukaitwa chakula.

Njiani kurudi alilala mapajani pangu. Miguu ilikufa ganzi, sikujisogeza.

Siku ya safari ya kurudi Zuwena alinikumbatia uwanja wa ndege. "Mama, rudi kabla hajayasahau maneno yako."

"Na wewe msemeshe Kiswahili," nikamwambia. "Mimi nitakuwa mbali." Akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka.

Sasa niko nyumbani Unguja. Nilimpelekea mtoto lugha ya skuli, nikidhani itatutosha, kumbe ya kwetu ndiyo aliyoiuliza mwenyewe. Jana Zuwena alinipigia. Raya alikuwa anacheza, hakutaka kuja kwenye simu. Nilimsikia akicheka kwa mbali, nikabaki nimeshika simu mpaka ikakatika.