Siku Nilipoimwaga Budapest Kwenye Kornishi

Nyinyi mnaoniona leo nimekaa kwa heshima zangu, miwani puani, vijana wananiamkia, basi jueni ipo siku moja katikati ya miaka ya tisini ambayo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto, na mume wangu Khalfan akitaka kuninyamazisha hana haja ya kugombana, hutamka tu "Kornishi" na mimi nikafunga mdomo. Nilikuwa sitaki kuisimulia kabisa. Lakini nimeshasikia watu wanaisimulia kwa kuitia chumvi (eti nilimgonga waziri, na waziri mwenyewe hata hakuwapo), kwa hiyo bora niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa.

Mimi nimesomea mipango ya miji, Budapest. Wakati wetu Unguja ukifaulu unapelekwa unakopelekwa, mwenzako Moscow, mwenzako Berlin, mimi nikaangukia Hungaria, msichana hata soksi sijawahi kuvaa nikashushwa kwenye theluji. Nikaisoma ile lugha yao ngumu mpaka nikaiweza, na ule mji nikaupenda. Baadaye nikawafuata wazee wangu huku Maskati, nikapata kazi serikalini kwenye ofisi ya mipango, na mnadhani nilipewa nini nichore? Maegesho ya magari. Mwaka baada ya mwaka nachora mistari ya kuegesha magari, na kila nikiomba kazi nyengine naambiwa subiri.

Ndipo ofisi ikaamua kuzifanyia ukarabati nyumba za zamani, zile zenye milango ya nakshi na ua katikati. Mkuu wetu, Sheikh Hilal, mtu wa maneno machache sana (akikuitikia salamu unajiona umepewa zawadi), akaniita. Akaniambia kwamba kuna wageni wanakuja kutoka Hungaria, wataalamu wa majengo, na kwamba anataka nitoe mazungumzo mbele yao na mbele ya wakubwa wa ofisi, nieleze mji ule ulikuaje karne kwa karne bila ya kuutupa uzee wake. Halafu akaongeza, bila ya kuniangalia, kuwa nyumba za zamani bado hazijapata mtu wa kuzisimamia na angependa kunisikiliza kwanza. Na nilipoona majina ya wageni, mmoja wao ni mwalimu wangu mwenyewe, Bi Magda, aliyenifundisha kushika penseli, ndio usingizi ukanihama.

Mtu mwenye akili angechukua picha akazionyesha ukutani. Mimi nikataka kuwashangaza. Nikaenda mtaa wa Ghala kwa fundi seremala, nikamchorea, akanitengenezea mji mzima wa mbao na sponji, wa matabaka manne, moja juu ya jengine kama sufuria za kubebea chakula. Tabaka la chini lina miji miwili midogo inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto: Buda juu ya kilima na ngome yake, Pest uwandani na ukuta wake na milango ya mji. La pili ni wakati wa Waturuki, makuba ya hamamu, zile nyumba za kuogea watu wote, na minara ya misikiti. La tatu, hili ndilo nililolipenda kwa roho yangu yote, ule ukuta wa Pest umeshabomolewa na pale ulipopita pamekuwa barabara iliyopinda kama upinde, nyumba zilizoanguka kwenye mafuriko makubwa zimejengwa upya kwa mistari iliyonyooka, barabara pana zinatoka katikati kama miale ya jua, na madaraja yameunganisha ng'ambo mbili mpaka miji miwili ikawa mmoja wenye jina moja. La juu kabisa ni maghorofa ya zege yaliyojengwa pembezoni baada ya vita. Mto wenyewe ni kioo. Na vyote vimeshikwa kwa vijiti tu, bila ya gundi, ili niweze kuvichomoa mbele za watu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mazungumzo yafanywe baada ya Alasiri katika ukumbi mmoja Maskati, mji wa zamani. Tukaenda na Khalfan kuuchukua mji wangu kwa pikapu ya binamu yangu. Ubao uliobeba mji ulikuwa mrefu kidogo kuliko nyuma ya gari, mlango wa nyuma haukufungika. Fundi akatoa kamba. Nikamkataza. Nikamwambia kamba itanivunjia minara. Khalfan akasema afadhali mnara uvunjike, nikamwambia hajui kitu. Nikachukua shuka (shuka la kitandani kwetu, nilikuwa nimelichukua nyumbani Darsait kabla ya kutoka, lina mawaridi mekundu makubwa kama sahani), nikaufunikia mji na kulichomeka pembe zote nne chini ya ubao, vile ninavyotandika kitanda. Nikashika usukani mwenyewe, kwa sababu Khalfan huendesha upesi.

Mpaka Ruwi mambo mazuri. Nimo najisomea hotuba kwa Kiarabu, nakosea, naanza tena. Tulipoingia Matrah, kwenye Kornishi, ile barabara ya ukingoni mwa bahari, upepo wa baharini ukatupokea. Khalfan akageuka nyuma, akasema:

"Asya, shuka linapumua."

Nikamjibu linapata hewa, aniache nisome. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Nikadhani wana haraka, nikawapungia mkono wapite. Wakazidi. Mwengine akawasha taa, mwengine akatoa mkono nje anaashiria, nikasema kumbe kuna harusi, nikapiga honi na mimi kuwapongeza. Wallahi nilipiga honi. Nikaangalia kwenye kioo, nikaona kitu chekundu kinapaa, kinajikunjua hewani taratibu, mawaridi yote yanaonekana, kisha kikashuka na kujibandika juu ya kioo cha mbele cha gari kubwa jeusi lililokuwa nyuma yangu.

Nikasikia breki. Ile sauti mpaka leo nikiisikia popote natafuta pa kushika. Na mimi nikakanyaga breki, mji wote ukasogea mbele ukagonga kibanda cha dereva, pwa. Lile gari jeusi halikugonga mtu wala kitu, alhamdulillahi, lilisimama mshazari katikati ya njia na shuka langu usoni. Nikawa sijui nishuke au nikimbie, nikaona ninazuia watu, bora nijisogeze pembeni, nikaondoa gari kwa nguvu. Hapo ndipo ubao ukateleza nyuma ukatoka kwenye ule mlango usiofungika. Budapest ikamwagika. Maghorofa ya sponji yakachukuliwa na upepo yakavuka ukuta yakaingia baharini, makuba ya hamamu yakabingirika barabarani kama machungwa, na teksi moja ikapita juu ya barabara yangu pana kuliko zote, ile niliyoikata kwa mkono wangu.

Mlango wa gari jeusi ukafunguliwa. Akashuka Sheikh Hilal, na joho lake la shughuli, na shuka letu mkononi. Watu wameshasimama pande zote, wengine wametoka sokoni kuja kutazama. Akanijia polepole. Akaniuliza kwa Kiarabu, kwa sauti ile ile anayoulizia faili:

"Hili ni lako?"

Nikasema siyo. Msinicheke, sijui neno lilitoka wapi, ulimi ulijibu peke yake. Sheikh akaliangalia shuka, akaniangalia mimi, akaangalia pikapu, na Khalfan naye akawa ameshafika, kofia mkononi, akasema kwa adabu zote, "Letu, Sheikh. Tusamehe." Nilitamani lami ipasuke.

Na haikuishia hapo, maana nyuma ya Sheikh alikuwa anashuka mwanamke mzee, nywele nyeupe, viatu vya kamba. Bi Magda. Sheikh alikuwa amemfuata hotelini yeye mwenyewe, kumpa heshima. Miaka yote ile nimejipangia nitakavyomwamkia, na ikawa ananikuta nimepiga magoti kwenye lami naokota minara. Akainama na yeye, akaanza kuokota madaraja. Watu wa sokoni wakaja na maboksi na ndoo, polisi akasimamisha magari, na mji wa karne zote ukapakiwa kwenye ndoo ya plastiki na boksi la ndizi, isipokuwa mto wa kioo, ambao kwa ajabu ulibaki mzima kwenye ubao wake.

Tulifika Maskati ya zamani tumechelewa, ukumbi umejaa, wakubwa mstari wa mbele wanaangalia saa. Nikaenda kunawa mikono, magoti ya suruali yamechanika (nashukuru baibui lilinisitiri), na nilipokuwa huko wasamaria wema wawili wa ofisi wakaamua kunisaidia kuupanga mji. Walijitahidi, siwalaumu. Nikarudi, nikasimama, nikaangalia meza, nikaona ngome ya kilimani iko uwandani, ukuta wa zamani wameuweka juu ya barabara iliyochukua nafasi yake, na kuba la hamamu liko katikati ya mto.

Nikasema bismillahi, nikaanza. Nikawaeleza miji miwili, mto, ngome, kisha Waturuki walivyoingia, adhana ilivyokuwa inasikika juu ya kilima kile, na hamamu zao ambazo mpaka leo watu wanakwenda kuoga, na jinsi wale waliokuja baadaye walivyojenga pembeni na juu ya vya mwanzo bila ya kuvifuta vyote, hata leo ukiingia uani kwenye baadhi ya nyumba za Pest unakikuta kipande cha ukuta wa mji kimesimama, watu wananing'iniza nguo mbele yake. Nikahisi naanza kuelea. Nikanyanyua macho, nikaona mstari wa mbele wote wamekodoa macho, Sheikh Hilal amekunja uso. Kutoka nyuma kabisa bibi mmoja wa Kizanzibari, mama wa mfanyakazi mwenzetu, akaniambia kwa huruma:

"Sisi tunakusikia, mwanangu, lakini Sheikh hakusikii."

Nilikuwa nimezungumza Kiswahili. Muda wote ule. Nusu ya ukumbi ikacheka, nusu nyengine ikauliza wanacheka nini. Nikaanza upya kwa Kiarabu, sauti imekuwa nyembamba kama uzi, na mkuu mmoja akaniuliza kwa nini msikiti umejengwa ndani ya mto. Nikanyoosha mkono kuliondoa lile kuba, nikaligonga daraja kubwa, likaangukia kioo, na kioo kikapasuka kutoka mwanzo wa mto mpaka mwisho.

Nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi zangu niondoke, wallahi, nilipoona Bi Magda anasimama. Alikuja mpaka mezani, akautazama ule mto uliopasuka, akaniambia kwa lugha yao nimfasirie neno kwa neno. Nikafasiri:

"Nilipokuwa msichana, majira ya baridi ya mwisho wa vita, niliyaona madaraja yote ya mji huu yamelala mtoni. Mwanafunzi wangu ameangusha moja tu."

Kisha akayachukua madaraja yaliyobaki, moja moja, akayalaza juu ya kioo kilichovunjika. Akasema mji ulikuwa hivi asubuhi ile aliyotoka kwenye handaki, na watu walianzia hapa, kwa hiyo na mimi nianzie hapa. Akarudi kukaa. Hapakuwa na mtu aliyecheka. Nikaanzia hapo, kwa Kiarabu safari hii, nikayanyanyua madaraja mkononi mwangu moja moja na kueleza kila moja lilivyojengwa tena, lipi kwa sura yake ya zamani na lipi kwa sura mpya kabisa, na watu walivyobishana kipi kirudishwe na kipi kiachwe. Nilifika mwisho. Sikumbuki nilimalizaje, najua tu kwamba nilisahau kuwashukuru waliokuja.

Alhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko huku, sikula. Nilimwambia Khalfan nimefukuzwa kazi, bado kuambiwa tu. Jumamosi asubuhi Sheikh Hilal akaniita, nikaingia nimeshatayarisha maneno ya kuomba radhi, ya ajali, ya kuchelewa, na hasa ya lile "siyo" nililomjibu barabarani. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Akasema nyumba za zamani ataziongoza mhandisi mmoja, kijana aliyeingia ofisini juzi tu. Nikaitikia vyema. Akasema mimi nitakuwa chini yake. Nikainua kichwa. Akasema kwa michoro anataka mtu anayejua kipi kirudishwe na kipi kiachwe. Halafu, na huu ndio mzaha pekee aliowahi kunitolea, akasema:

"Utachora wewe, Bi Asya. Lakini kubeba, atabeba mwengine."

Nilikubali papo hapo, na sharti lile nimelishika mpaka nilipostaafu, na bado nalishika. Sipakii tena mji kwenye gari. Anayetaka kujua mji fulani ulikuaje aje kwangu akae kwenye zulia, nimtilie kahawa, nimchoree kwa penseli, na akimaliza kutazama auache mji pale pale ulipo.