Kumtafuta Mtoto wa Puma Mombasa

Niliondoka Nanyuki kwa sababu ya ukurasa mmoja. Tangu nistaafu ufundi wa ndege jeshini, nimekuwa nikiandika historia ya Puma, zile helikopta kubwa nilizozihudumia ujana wangu wote: zilivyofika nchini, zilikopelekwa, kazi zilizofanya. Kila nilipofika kwenye mafuriko ya Mto Tana, nilikwama. Rubani wa siku ile, Mzee Kilonzo, aliniambia kwamba mama mmoja waliyemwokoa Garsen alijifungua angani. Walimshusha Mombasa, wakageuza papo hapo kufuata wengine.

"Sikumsikia mtoto akilia," alisema. "Niandikie kama aliishi. Mimi sijapata kujua."

Nikaweka picha ya helikopta mtandaoni na kuuliza habari za mama huyo. Akajibu mwanamume wa Mombasa aitwaye Swaleh: "Huyo ni mama yangu. Mambo haya si ya simu. Njoo." Sikujua ni wito wa heri au wa tanzia.

Asubuhi nilipanda treni Nairobi. Tsavo ilipita dirishani na ndovu wake wekundu, nami sikuwatazama sana. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumuuliza mama wa watu kama mwanawe alikufa.

Alasiri, basi la kutoka stesheni lilijikokota Shimanzi nyuma ya malori ya makontena. Marikiti nilimkuta Swaleh kwenye duka lake la viungo, mtu mnene wa kucheka haraka, akinukia iliki mpaka kwenye kofia.

"Wewe ndiye uliyezaliwa ndani ya helikopta?" nilimuuliza kabla hata ya kumaliza salamu.

"Mimi? La!" Akafunga duka. "Twende, mama anangoja."

Tuliingia Mji wa Kale kwa miguu, moyo wangu ukiwa mzito. Kama si yeye, basi yule mtoto yuko wapi?

Bi Rukia alitupokea sebuleni, buibui begani, macho makali.

"Kaa kitako, baba. Kunywa maji kwanza. Hiyo ndege yenu haikimbii tena."

Nilimwonyesha picha. Akaweka kidole mlangoni. "Huu ulisukumwa ubavuni, hivi. Nililala hapa chini. Kijana mmoja wa jeshi alinishika mkono, akilia kunishinda mimi."

Ilikuwa Puma, sina shaka. Nikakusanya nguvu. "Rubani anasema hakumsikia mtoto akilia."

"Angesikia nini na kelele zile?" Bi Rukia aliruka kitini. "Alilia! Mimi niliuona mdomo, umeachama hivi! Fatma! Hebu njoo umwonyeshe mgeni mdomo wako!"

Kutoka jikoni akaja mwanamke mrefu, mikono imejaa unga wa mahamri. Nilisimama kumpokea.

"Huyu alizaliwa juu," alisema Bi Rukia. "Na huyu" — akamgusa Swaleh — "alizaliwa chini. Ndege ilipokwisha kuondoka, pale pale uwanjani Kizingo, wauguzi hata hawajaniinua vizuri."

"Pacha?"

"Pacha. Na mpaka leo wanagombana."

"Mimi ni mkubwa," alisema Fatma.

"Yeye alikuwa na haraka," alisema Swaleh. "Mimi nilingoja tutue."

Nilimpigia Mzee Kilonzo simu, nikampa Fatma.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye yule mtoto."

Kisha tukasikia: "Ndiyo sauti yako hiyo? Sema tena, mwanangu. Siku ile sikuisikia."

Akasema tena. Swaleh naye akainyakua simu, akajitambulisha. Yule mzee, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka, aliangua kicheko.

"Kumbe! Nilishangaa mbona ile mashine ilikuwa nzito kupaa!"

Siku ya pili nilirudi bara na pakiti ya iliki na mahamri ya njiani. Ndani ya treni nilisoma sura nilizokwisha kuandika: injini, mapangaboi, vipuri, vituo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewauliza waliozirusha Puma na waliozitengeneza tu, si waliobebwa ndani yake. Nikaanza upya sura ya mafuriko. Mstari wa kwanza unasema: Fatma alizaliwa angani kati ya Garsen na Mombasa, na alilia kwa nguvu.