Kobalti ya Kiwandani na Kobalti ya Hospitali

Kila nikiwasikia nyinyi vijana mkibishana na wazazi wenu, mwanangu, mawazo hunirudisha Kaloleni, kwenye nyumba yetu ya kanjo, tuliyopangishwa na baraza la jiji, jioni ile baba alipokataa mama aende kuchomwa.

Kuchomwa ndivyo watu walivyosema. Mama alikuwa na uvimbe kwenye mlango wa kizazi, na daktari alimwambia dawa yake ni mionzi ya kobalti, tena asikawie. Mimi nilikuwa kidato cha tano, nasoma kemia, na hakuna mtu pale mtaani ambaye hakuwa amelisikia hilo kutoka kinywani mwangu.

Baba alikuwa akichanganya rangi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Alinawa mikono, akaketi, akasema bila kupandisha sauti, "Kobalti mimi naijua. Tunaitia kwenye rangi ndiyo ikauke, na nyapara hataki tuiguse na mikono mitupu. Sasa mama yenu ndiye mnataka atiwe hiyo?"

Nilimjibu mbiombio. Nilimwambia kobalti si moja, ziko aina zinazoitwa isotopi. Zote zina protoni ishirini na saba, ila ya kiwandani ina nyutroni thelathini na mbili na hii ya hospitali thelathini na tatu. Nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba mtu ambaye hakusoma hawezi kuelewa. Baba akachukua koti lake akatoka.

Mama aliniita kutoka nyuma ya pazia, alikokuwa amelala.

"Nafula, baba yako hajadanganya. Hiyo ya kwao ni sumu kweli. Mimi nataka kupona, na siendi huko bila yeye. Mfuate, umwambie vizuri."

Nilitahayari. Lakini niliapa kwamba hatulali siku hiyo mpaka baba akubali. Nilimkuta ameketi nje karibu na bomba la maji. Nikaanza na yake: nikakiri kwamba kobalti yao ni mbaya kushika. Hapo akanisogezea nafasi.

Nikamwonyesha mlango wetu na wa jirani. Chukulia, nikamwambia, nyumba hizi mbili zina wenyewe sawasawa, wale walioandikwa kwenye kadi ya kanjo. Nyumba hujulikana kwa wenyewe. Hao ndio protoni. Wageni kutoka ushago, kule kijijini, ndio nyutroni. Hawabadilishi jina la nyumba, wanaiongezea uzito tu, ndiyo maana kobalti zote mbili zingekausha rangi vilevile. Lakini ya hospitali ina mgeni mmoja zaidi, na huyo mmoja ameifanya nyumba isitulie. Siku moja mgeni anageuka kuwa mwenyewe, yaani protoni, nyumba inabadilika jina, inakuwa nikeli, na katika purukushani hiyo inatoa mionzi. Mionzi hiyo ndiyo inayoelekezwa kwenye uvimbe.

"Mgeni kama Wanjala," baba akasema. Wanjala alikuwa binamu yetu, aliyekuja kutafuta kazi na sasa alikuwa akitupangia hata chakula cha jioni. Tukacheka. Kisha baba akainamisha kichwa.

"Na akirudi, atakuwa nayo mwilini? Nitaogopa kumshika?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla, na mimi sikuwa nimemuuliza. Nilimwambia kobalti haitoki ndani ya mashine. Mionzi inampitia na kuisha, na akirudi nyumbani atakuwa mke wake yuleyule.

"Basi kesho naomba ruhusa kazini," akasema. "Nitampeleka mwenyewe."

Alimpeleka, kila safari. Matibabu yalikuwa magumu. Mama aliishiwa nguvu, ngozi ikawa nyeusi mahali pale. Baba alimwogesha kwa mikono yake miwili, mitupu, na mama akapona. Nilipomzaa mtoto wangu wa kwanza, mama ndiye aliyempokea kutoka kwangu.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: ukiwa na ukweli utakaomwokoa mtu wako, usimpige nao. Anzia pale alipo sahihi, umuulize anaogopa nini. Na akikupa mgongo, inuka umfuate. Mungu akupe akili ya kuelewa na subira ya kueleza, na unaowapenda akuachie uwashike miaka mingi.